Uzito wa Halua

Da Zuwena, shikamoo, na joto la Nizwa lisikufikie huko Unguja.

Ndege iliyo mbele ya kadi hii zamani ilibeba mizigo ya jeshi. Miaka sita nimegonga ribiti, misumari ya kushikia bati lake, elfu moja mia nne na nane kwa mkono wangu, na leo niliahidiwa kuruka nayo hadi Sur. Nikapewa mizani niwapime wageni na mizigo yao. Kwa joto la digrii arobaini na tatu ndege kongwe hainyanyui sana, na hesabu ikatoka tumezidi kilo sabini.

"Basi ashuke nani, Nassoro?" akauliza Sheikh Khalfani, mkubwa wetu.

"Maboksi ya halua. Kilo sabini na mbili."

Akacheka. "Halua ya wageni hiyo! Wewe mtu wa nyumbani, ndugu yangu."

Mimi nina kilo sabini na moja. Nikashuka. Ikaruka vizuri, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mama akinitafuta pichani, mwonyeshe dirisha la tatu. Kioo chake nilikitia mimi, kwa hiyo si uongo mtupu. Nibusie mikono yake yote miwili.

Nduguyo, Nassoro