Aliye Karibu Ndiye Huandikiwa

Kambi ya Futiboli ya Kimarekani, Ohio
11 Agosti

Baba, shikamoo.

Habari za nyumbani Opelousas, na goti lako je? Mama na presha yake? Mimi mwili mzima, roho ndiyo haijatulia. Simu nimeizima, matusi ya mashabiki yamezidi, ndiyo maana nakuandikia.

Najua umeona takwimu za mechi ya Jumamosi. Mipira saba ilirushwa upande wangu, sita ikadakwa, mmoja ukawa bao. Baba, lile bao si langu! Tulikuwa tunalinda maeneo, si mtu kwa mtu. Mimi nilipewa mbele, pembeni. Nyuma kulikuwa kwa Renard, huyu ninayelala naye chumba kimoja. Akadanganywa, akaacha eneo lake wazi. Nilipoona mpira uko hewani nikatimua mbio kumsaidia, nikafika mdakaji wao ameshavuka mstari wa bao. Wale wanaohesabu hawajui nani kapewa wapi. Wanaangalia beki aliye karibu, wanamwandikia yeye. Renard msafi, mimi nimechafuka.

Kocha anajua. Lakini mwenye timu anasoma takwimu tu, na tarehe 26 wanapunguza watu. Asubuhi hiyo kuna bwana hupita milangoni. Akikwambia, "Kocha anakuita, njoo na tableti," basi umekatwa, maana mbinu zote zimo humo na wanazitaka zirudi. Siku hizi nikisikia viatu koridoni nahesabu hatua mpaka zipite mlango wetu. Naogopa, Baba.

Mwanao,
Delvin

Opelousas
14 Agosti

Mwanangu Delvin, marahaba.

Goti linavumilika. Mama yako mzima, ila barua yako sijamwonyesha. Jumapili baada ya ibada jirani yetu Thibaut kanishika bega mbele za watu: "Kocha Alcide, mwanao analinda watu au anawasindikiza?" Nilicheka nao, huku nimelowa jasho.

Sasa nisikilize. Mpira ukienda eneo la mwenzako, simama. Usisogee. Wa mbali haandikiwi. Najua nilikufundisha vingine pale shuleni, lakini kule hakuna aliyekuwa akikuhesabu. Renard ana baba yake wa kumwombea. Kila mwamba ngoma huvutia kwake.

Ichome barua hii.

Baba yako

Opelousas
21 Agosti

Delvin mwanangu,

Hujambo? Sijapata jibu lako, nami simu yako kila nikipiga imezimwa. Kambini nako wanapokea simu, wanasema watakufikishia, sijui kama wamekufikishia.

Ile barua yangu itupe. Haikuandikwa na kocha, iliandikwa na mwoga. Wewe kimbia! Wakuandikie saba kati ya saba, kimbia tu. Mahesabu yanaona aliyefika, hayaoni alikotoka. Kocha anaona. Mwanangu, nimeingiwa na hofu kubwa kuliko ile ya kwanza. Mechi ya Jumamosi ni keshokutwa, na sijui barua hii itawahi.

Nijibu hata neno moja.

Baba yako

Kambini
26 Agosti

Baba, shikamoo.

Natumai nyote hamjambo. Barua yako ya pili imefika leo, nikiwa nafunga begi.

Takwimu za Jumamosi bila shaka umeziona. Upande wangu mipira minne, haukudakwa hata mmoja. Wale wa matusi sasa wananiita mfalme. Bao lao lilipita nyuma ya Renard, akaandikiwa yeye. Mimi nilikuwa nimesimama hatua chache tu, mikono kiunoni.

Asubuhi bwana alibisha. Sote wawili tulikaa, kila mmoja kitandani kwake. Renard akaanza kulia. Bwana akanitazama mimi: "Delvin, kocha anakuita. Njoo na tableti."

Kocha hakutaja takwimu. Alinionyesha lile bao, akasimamisha picha pale niliposimama. "Wiki mbili zilizopita ulikimbia uwanja mzima kumfuata mtu asiye wako," akasema. "Nilimwambia mwenye timu nitakubakiza kwa mbio zile. Nani amekufundisha kusimama mpira ukiwa hewani?"

Nilimwambia hakuna, nimejifunza mwenyewe. Mama akikuuliza, nawe mwambie hivyo hivyo.

Basi langu litafika huko Alhamisi.

Mwanao,
Delvin