Pini Iliyoning'inia Mlangoni

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, mama. Hapa Nakwa tupo. Goti linamsumbua bibi yako, lakini mahindi amepalilia mwenyewe.

Unauliza kwa nini ile pini ya chuma inaning'inia mlangoni na kwa nini naigusa kila nikitoka. Kwa kuwa unasomea ujenzi huko Dodoma, nitakujibu.

Nilikuwa kijana, tukimwaga zege la ghorofa mjini Babati. Zege bichi tulilishikilia kwa propu, zile nguzo za chuma za kurefusha na kufupisha, na kila moja husimama kwa pini yake. Moja haikuwa na pini. Nilitafuta kidogo, nikachoka, nikachomeka kipande cha nondo nyembamba. Rafiki yangu Paskali, aliyekuwa akifanya kazi chini ya zege hilo, akaniuliza, "Imekaa?"

Nikamjibu, "Imekaa."

Mchana ile nondo ikapinda. Tulichokiona sitakueleza.

Siku ya kumzika kule Mutuka, kila mtu alisema ni mpango wa Mungu. Dada yake alinishika mkono, akanishukuru kwa kumtoa kaka yake kwenye kifusi. Nilivaa koti langu la kazini, sikuwa na jingine. Nikaingiza mkono mfukoni nitafute leso, nikaikuta pini.

Wewe wakikuuliza kama imekaa, nenda kwanza ukaishike kwa mkono.

Yule dada ndiye bibi yako. Hajui mpaka leo.

Babu yako