Spika ya Katikati

Moca, 11 Machi 2011

Kaka Eligio,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji Yocasta na watoto wote wawili. Natumaini goti limepata nafuu na kazini wamekuruhusu kurudi, na kwamba theluji ya huko Lawrence, Marekani, imeacha kuwazibia mlango. Sisi huku tunapumua. Mvua imenyesha siku nne mfululizo, migomba imejaa, na kuku wa Mama wanalishwa kila asubuhi na mama mdogo Niurka, ambaye huwatukana kwa majina yaleyale Mama aliyokuwa akiwatukana. Kidevu changu kimepona. Limebaki kovu dogo ambalo kinyozi hulizunguka kwa adabu.

Utashangaa kupata karatasi kutoka kwa mtu anayekupigia kila Jumapili. Jambo hili siwezi kulisema kwa simu. Unanijua tangu tukiwa wadogo: nikiwa na mtu wa kunijibu, nitabishana, na nikibishana nitashinda. Nimeshinda hata pale nilipojua nimekosea. Kwenye karatasi hakuna wa kumshinda, kwa hiyo huenda nikafika mwisho.

Kesi uliyomfungulia don Belarminio Almánzar, aliyekuuzia lile gari la kijivu ulilomnunulia Mama, imepangiwa tarehe 28. Nilikwambia kwa simu kwamba mambo yanakwenda vizuri. Kwa mtazamo wa wakili wako ni kweli. Yadi ya magari ya don Belarminio imefungwa tangu Februari. Ukutani mtu ameandika MUUAJI kwa rangi nyekundu, na hakuna aliyekwenda kufuta, hata yeye mwenyewe. Akiingia kwa kinyozi, watu humuuliza kama lile koti lake lina mfuko wa hewa au nalo kaliuza tupu. Binti yake ameacha kumletea wajukuu. Ana miaka sabini na moja.

Hayo yote niliyaanzisha mimi. Alhamisi sita nilikaa redioni saa sita mchana, katika kile kipindi changu, nikasema yale unayoyajua: kwamba magari yanagongwa huko Marekani, yananunuliwa mnadani kama vyuma chakavu, yananyooshwa, yanapakwa rangi, na kuletwa hapa bila mifuko ya hewa, ile inayojaa ghafla kumkinga mtu gari likigonga, kwamba serikali inajua na imelala, kwamba mama yetu, Fredesvinda, alikaa kiti cha mbele na mkanda wake kifuani, gari likagonga lori, na mbele yake hapakufunguka kitu, kwa sababu hapakuwa na kitu. Nilisoma takwimu. Nilitaja sheria kwa namba. Watu walilia barabarani, Eligio. Dereva mmoja wa teksi alisimama nje ya studio kunishika mkono.

Na kuhusu biashara hiyo sifuti hata neno moja. Ni biashara ya wauaji, na wanaoilinda wanakula nayo. Nitalisema hilo hata jela.

Siku ya tisa ya maombi ya Mama, don Belarminio alikuja nyumbani. Alishika kofia mkono mmoja na maua meupe mkono mwingine, akasimama kwenye ngazi kwa sababu hakuna aliyemkaribisha. Wanawake waliacha kusali. Alisema amepekua makaratasi yake siku tatu. Kwamba ameuza magari zaidi ya mia nne na mengine alinunua bila kuyafungua. Kwamba angependa kuapa kuwa lile la kwetu lilikuwa kamili, lakini hawezi kuapa kwa asilokumbuka. Aliniomba nimsamehe. Nikamjibu kwa sauti ya redioni, ili hadi jikoni wasikie: “Don, msamaha kaombe kule mnadani, pengine wanauza.” Watu wakacheka, Eligio. Kwenye maombi ya Mama. Akaweka maua chini, akaondoka. Mlinzi wa makaburi ananiambia kila Jumamosi yupo pale kwa Mama, amepiga magoti kwenye tope na suruali yake ya mjini.

Sasa nikueleze habari za ile redio ya gari, maana hujawahi kuzisikia zote.

Unakumbuka sikio la kulia la Mama lilikufa zamani. Ulipomnunulia gari, alipenda kutembezwa kuliko kitu chochote. Kila Jumapili baada ya misa ilikuwa lazima twende mahali, hata kama ni kuzunguka tu hadi Salcedo kumwona rafiki yake. Lakini alikaa kulia kwangu, na spika ya mlangoni ikawa upande wa sikio lililokufa. Alisikia ngoma, hakusikia maneno. Ikabidi niwe mkalimani.

“Anasemaje huyo?” 

Nikamwambia anasema kaachwa. 

“Kaachwa na nani?” 

Na mwanamke, Mama. 

“Atakuwa na sababu zake huyo mwanamke. Haya, endelea.”

Wakati huohuo nilikuwa na vita vyangu vingine. Wapenzi wa muziki wa magari hukutana Jumapili jioni pale kwenye uwanja wa kuoshea magari, na unajua wanachokiita muziki. Chepe ana pikapu yenye spika kumi na nane, na bado huwezi kujua anayeimba ni mwanamume au mwanamke. Mabati ya majirani yanatikisika, meno yanauma, wanasema hiyo ndiyo sauti. Nimewaambia miaka kumi kwamba hiyo ni tetemeko la ardhi lenye betri. Wao hunijibu kwa kunizunguka na kuniita padri, au mwalimu. “Mwalimu, washa basi tusikie!” Nawaambia imeshawaka. Wanaanguka chini kwa kicheko.

Nilitaka kuwaonyesha kwamba gari linaweza kukupa mtu anayeimba, amesimama mbele yako, na kila aliye ndani akamwona palepale. Ukiwa na spika za kushoto na kulia tu, dereva humsikia mwimbaji kwenye mlango wake, na abiria kwenye mlango wa pili. Spika za nyuma zinakuzungushia sauti, lakini mtu mwenyewe hana mahali pa kusimama. Dawa ni spika ya katikati, ya peke yake, yenye amplifaya yake, inayobeba sauti ya binadamu tu. Na katikati ndipo sikio zima la Mama lilipoelekea. Nilijiambia nafanya kwa ajili ya Mama. Nusu ilikuwa kweli.

Nilianza na spika ndogo juu ya dashibodi. Mama alisikia. Alipiga makofi, akasema kumbe huyu jamaa analalamika hivi miaka yote. Kazi ingeishia pale. Lakini mwezi wa Oktoba nilipeleka gari kwenye mashindano Santiago, yale ya ubora wa sauti, wanakokwenda watu sita na wake zao. Jaji alikaa ndani dakika tano na karatasi yake, akaandika kwamba mwimbaji wangu ni mwembamba, anaimba kooni, hana kifua. Nikawa wa pili. Chepe alikuja makusudi kunipa pole. Akasema hata padri hushindwa mahubiri siku moja moja.

Spika ndogo haiwezi kuwa na kifua. Inahitaji kubwa zaidi, na kubwa zaidi inahitaji sanduku nyuma yake, lenye kina. Nilifungua dashibodi nikatafuta kina. Katikati mna mabomba ya kiyoyozi. Kushoto mna usukani. Nafasi ilikuwa upande wa kulia peke yake, Eligio, na ilikuwa imekaliwa.

Nadhani umeshaelewa. Acha niandike hata hivyo.

Mfuko wa hewa wa Mama niliutoa mimi. Don Belarminio aliuza gari kamili. Niliufungua kwa mikono yangu nyuma ya nyumba, asubuhi ya Jumatatu, Mama akiwa jikoni anakaanga ndizi, na alinipitishia sahani dirishani nao umelala mapajani mwangu. Niliunga kipande cha waya ili taa ya tahadhari isiwake. Kila fundi hapa anajua kuunga waya huo. Tunafundishana kama mzaha. Nilijenga sanduku la mbao ngumu, kutoka katikati hadi mbele ya kiti cha Mama, nikalifunika kwa kitambaa kizuri, na hakuna aliyejua kilichotoka ili liingie. Nilijiambia kwamba naendesha polepole. Nilijiambia kwamba mfuko ule ni woga wa Wamarekani. Mimi, ambaye nilikuwa nimeshasoma takwimu zote.

Desemba nilishinda. Kombe liko juu ya kabati.

Ile Jumapili ya Januari tulikuwa tunarudi kutoka Salcedo, saa kumi alasiri, barabara kavu. Lori la ndizi lilirudi nyuma kutoka kwenye ua wa mtu bila kutazama. Sikuwa mwendo mkali. Mbele yangu mfuko wa usukani ulifunguka ukanichubua kidevu. Mama alikwenda mbele, mkanda ukamshika kifua, kichwa hakikushikwa na kitu mpaka kilipofika kwenye sanduku langu. Niurka ndiye aliyemwosha. Aliona kwenye paji la uso alama za nukta ndogondogo, zimepangana kama matundu ya kichujio, kwa sababu spika ilikuwa na wavu wa chuma. Alizipaka poda, akamfunga kitambaa.

Ukitaka kusema hiyo ni ajali na ujinga, ngoja. Siku ya pili baada ya maziko nilikwenda kituo cha polisi, nikawaambia nataka kuchukua rozari ya Mama garini. Waliniachia ufunguo wakaenda kula. Nilitoa spika, sanduku na waya, nikaviweka kwenye gunia. Mkaguzi alipokuja alikuta shimo tupu, akaandika alichokiona. Nilimsubiri pale nje. Aliponionyesha karatasi, nilianza kupiga kelele kuhusu wauza magari, na kelele hizo sikuziacha mpaka wiki iliyopita.

Jumatano nilikwenda kwa don Belarminio. Nilimkuta amekaa kwenye yadi tupu na thamosi ya kahawa. Nilimweleza kama nilivyokueleza wewe. Alisikiliza hadi mwisho, akanimiminia kahawa kwenye kifuniko cha thamosi, akasema mimi ni mtoto wa Fredesvinda kwelikweli, maana nimemhurumia mzee hadi niko tayari kujichafua. Hakuniamini. Amelala na hatia ile miezi miwili na sasa anaijua vizuri kuliko mimi. Tarehe 28 atakiri kosa. Nilimpigia kelele. Nilibishana naye saa nzima kwamba hana hatia, nikamchorea dashibodi chini kwenye vumbi, na nikashindwa.

Alhamisi, badala ya kwenda redioni, nilibeba mfuko wenyewe kwenye gunia nikampelekea mwendesha mashtaka. Ni mwanamke mwenye akili. Aliutazama, akasema vitu kama hivyo vinauzwa kwenye kila duka la vipuri Santiago, tena vipya kuliko hiki. Nikamwambia namba iliyobandikwa ilinganishwe na gari. Gari lilishasagwa, kwa kibali chako na changu. Kisha akasema: “Mwalimu, si wewe uliyetuambia redioni kwamba shahidi anayegeuka karibu na kesi ameshaonana na bahasha? Haya, mzee kakupa gari gani?” Maelezo yangu aliyapokea, akanipa niyasaini, akayatia kwenye droo. Lakini alisema neno moja la maana: mlalamikaji ni wewe. Ukishikilia, kesi inaendelea na mzee atakiri. Ukijitoa, na ukamwambia mwendesha mashtaka kwa kinywa chako kwamba unaniamini, atalazimika kuifungua ile droo.

Kwa hiyo nakuomba hilo, na hilo peke yake. Namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Usinipigie mimi, mpigie yeye, kabla ya tarehe 28. Ukiona ni heri kunyamaza, kwa sababu ulishampoteza Mama na hutaki kumpoteza na mdogo wako, nitakuelewa, na don Belarminio atakufa akimwomba Mama msamaha. Ukiona barua hii ni mzaha wa mtu aliyerukwa na akili, nitakuelewa pia. Mkono unaoiandika ndio uliosema uongo kwa miezi miwili. Sioni kwa nini uuamini. Sitegemei. Nimeandika kwa sababu nimeshajaribu milango mingine yote.

Msalimie shemeji Yocasta, nampa pole kwa atakayoyasikia leo mezani. Wabusu watoto kwa niaba yangu, au usiwabusu, utakavyoona. Mama mdogo Niurka anakusalimu sana na anauliza utakuja lini. Sasa hivi anajifunga kitambaa akinisubiri nimkabidhi bahasha aipeleke posta kabla hawajafunga. Anaamini ndani yake kuna majina ya mashahidi wa kumfunga don Belarminio. Ameniwekea mkono kichwani, akanibariki, akasema Mama angejivunia mimi.

Ni mimi, mdogo wako,
Radhamés