Kiingereza cha Mama Wakesho

Voi, Jumatano jioni.

Upepo wa leo umeingiza vumbi jekundu mpaka kwenye unga. Mlima wa Sagalla haukuonekana kutwa. Sina huzuni nyingi leo. Nina swali tu, nalo halinitoki.

Ijumaa nitasimama mbele ya stesheni masta. Anatafuta mtu wa kukagua tiketi getini, na anataka Kiingereza cha kusema, si cha kusoma tu. Kazi hiyo ina nyumba. Nikiipata, binti yangu Wakesho, aliyepelekwa Wusi, juu milimani, kwa bibi yake baada ya mamake kufariki, atarudi kuishi nami.

Ndiyo maana naenda darasa la jioni la Mwalimu Mwakio, nyuma ya kanisa.

Leo Musyoka, Mkamba tunayebeba naye mizigo stesheni, alimtaja stesheni masta kwa 'she', yeye ya Kiingereza ya mwanamke. Sisi kwetu yeye ni mmoja, awe mume awe mke.

"Musyoka, umemvisha bwana gauni," nikamwambia.

"Afadhali gauni, kaka. Ngoja zamu yako."

Zamu yangu ikaja. Mwalimu alitaka kila mtu aeleze nyumbani kwake. Nikasema kwa Kiingereza kwamba mke wangu yeye anapika chai.

Mwalimu akanisimamisha. Ukishamtaja mke wako, akasema, Kiingereza hakimtaki yule yeye tena. Sisi tumezoea kumtaja mtu kisha kumbeba tena ndani ya kitendo: mke wangu a-napika. Tukivuka kwenda Kiingereza, tunavuka naye. Wakamba nao ni hivyo hivyo, ndiyo maana Musyoka hakusikia kosa lolote. Nilishangaa. Miaka yote hii sikujua kwamba Kidawida changu, lugha yetu Wataita, kinasikika hata ninapokiacha.

"Lakini wewe Baba Wakesho ulisoma misheni," Mwalimu akasema. "Ukiandika, kosa hilo halipo. Ukisema, hilo hapo. Umelitoa wapi?"

Nilijua.

Saru, mke wangu, hakuwahi kukaa darasani. Alikuwa yaya katika nyumba moja ya shamba la mkonge, akaokota Kiingereza kwa masikio na kukishona kwa uzi wa kwao. Jioni, akichambua maharagwe, alinisemesha kwacho, akikicheka Kiingereza changu cha vitabu. "Baba Wakesho, unaongea kama mtu anayesoma tangazo ukutani." Mkono wangu ulifundishwa na misheni. Mdomo ulifundishwa na yeye.

Musyoka alimwinamia Mwalimu. "Huyo mama alishatangulia, Mwalimu."

"Pole sana, baba. Sikujua." Akataka kumwita mwingine.

Nikamwomba anisubiri. Nikarudia sentensi yangu bila yule yeye, na badala ya anapika nikasema alipika. Mwalimu akaitikia kwa kichwa polepole.

Ilikuwa sahihi. Ilikuwa fupi.

Njiani kurudi niliijaribu tena na tena, na kila mara nilisikia mahali palipobaki wazi, kama jino likishang'oka. Niache kusema kama Saru ili nimpate mtoto wa Saru? Nadhani angenicheka kwa kuuliza.

Jumapili iliyopita nilipanda Wusi. Wakesho aliniona tangu chini kwenye migomba, akamwita bibi yake kwa Kiingereza, ambacho bibi hakielewi hata kidogo: baba yangu yeye amekuja. Hajaanza shule. Maneno yale yana mwalimu mmoja tu.

Ijumaa nitasema kama Mwalimu Mwakio anavyotaka. Nimeshaamua, na naamini nitaweza.

Lakini Wakesho akirudi, nami nikifika jioni kutoka getini, akatangaza mlangoni kwamba baba yangu yeye amekuja, nimsahihishe?

Shule itamfikia siku moja. Mimi nitanyamaza kwanza, nisikilize.