Siku Tisa Nilizozijaza Mwenyewe

Nyumba za Wauguzi, Na. 6,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Mama Mdogo,

Nimefanya jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mdogo wangu ninayelala naye kitanda kimoja. Nitakuambia wewe. Lakini kwanza shikamoo, nisije nikaonekana nimebisha hodi kwa teke. Mgongo unaendeleaje? Baba Mdogo amepona kile kikohozi? Sisi huku tu wazima wa mwili. Ila mimi tangu jana chakula hakipiti. Mama amenipima homa mara mbili, hana anachokiona.

Unakumbuka mwaka jana kituo cha afya cha Mama kilipopewa ithibati, kile cheti cha kusema huduma zake zimefikia kiwango? Kimetundikwa mapokezi, juu ya benchi la wagonjwa. Siku chache kabla ya wakaguzi kuja, Mama alileta nyumbani fomu za joto la friji la chanjo. Kipimajoto cha friji hilo husomwa asubuhi na jioni, kila siku, na anayesoma huandika na kutia sahihi. Paa lilikuwa limevuja, fomu zikaota ukungu. Akaniambia, "Kimya, wewe mwandiko wako kama wa mashine. Ninakilie hizi kwenye fomu safi, usibadilishe hata nukta."

Nikanakili. Nilipofika Agosti nikakuta siku tisa tupu. Hakuna namba, hakuna sahihi. Nikadhani Mama alisahau, na nikimuuliza ataaibika mbele ya mwanawe. Tena unanijua, mimi kuuliza swali ni kama kupanda mlima. Basi nikazijaza. Nyuzi nne asubuhi, tano jioni. Siku moja nikatia sita, isije ikaonekana ni ya kutunga. Nikaiga na sahihi yake. Mama akazitia kwenye faili bila kuzipitia tena, na zile za ukungu zikatupwa. Nilijiona nimemsitiri mama yangu.

Shuleni huwa tunaandika kwa lugha ile nyingine, na kwa lugha hiyo ningeweza kuliita jambo hili jina la kistaarabu. Kwa lugha yetu halifichiki. Nimeghushi.

Sasa Alhamisi wamekuja watu watatu. Hawakukuja kukagua kituo. Wamekuja kuupima mpango wenyewe wa ithibati: je, vituo vilivyopewa cheti vinahudumia watu vizuri kweli, au vimejua tu kujaza fomu? Wanapita kituo kimoja hadi kingine wakilinganisha madaftari. Cha Mama wamekichagua kiwe cha mfano, kwa sababu fomu zake ni safi kuliko zote. Mama alirudi akicheka peke yake njiani.

Jana mchana dereva wa kituo, yule tunayemwita Taratibu, alikula kwetu. Akasema, "Dada, usisahau kuwasimulia safari yetu ya Agosti! Friji limekufa, liko kwa fundi siku tisa, mimi nabeba chanjo kwenye makasha ya barafu mpaka kituo jirani. Na wewe nyuma unanitisha, nikiingia shimo hata moja utanidunga mimi!"

"Ukakwepa mashimo, ukaingia shamba la watu," Mama akamjibu. "Lakini hakuna chupa iliyoharibika. Jirani waliandika kila kitu kwenye daftari lao. Jumatatu wageni watalisoma wenyewe."

Kijiko kikanitoka mkononi.

Unaona, Mama Mdogo? Mama hakusahau. Aliacha nafasi tupu kwa sababu friji halikuwepo! Mimi nikaliandikia joto friji lililokuwa limepasuliwa tumbo kwa fundi. Daftari la jirani litasema chanjo zilikuwa kwao. Fomu yetu itasema zilikuwa kwetu, nyuzi nne, sahihi ya Mama, muuguzi mkuu, hii hapa. Alifanya kazi safi, nami nimeigeuza kuwa uongo wenye sahihi yake. Miaka kumi na tisa ya kazi, na nani atamwamini tena? Kesho saa tatu atawawekea fomu mezani kwa mikono yake, huku anatabasamu.

Nimejaribu kumwambia mara tatu. Jikoni nikaishia kuomba chumvi. Nikawaza hata kuchukua ufunguo wa kabati la kituo niichane fomu, nikaacha. Hapo ningekuwa nimeghushi mara ya pili. Nilianza kuandika ili nikuombe umwambie wewe, maana wewe ndiye mdogo wake na hakukasirikii. Ndiyo kwanza nakumbuka kwamba barua haiwezi kukufikia kabla ya kesho.

Nisalimie Baba Mdogo, na Kibonge, na wale pacha waambie wasigombane. Mungu awafunike kwa mkono wake, na akibakiwa na nafasi anifunike na mimi.

Nasikia ndara za Mama ukumbini, zinakuja huku. Tangu asubuhi kila akipita naisukuma karatasi hii chini ya kitabu cha hesabu. Mara hii nimeiacha wazi juu ya meza, na kitabu nimekiweka chini sakafuni. Kitasa kinazunguka. Ukiipata barua hii, ujue yeye ndiye aliyeisoma kwanza.

Mwanao akupendaye,
Kimya