Mkasi wa Baba

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Bibi yako mzima, ila goti linamsumbua. Shangazi yako amejifungua salama, mtoto wa kiume.

Umeniuliza, kwa utafiti wako wa ugonjwa wa kutetemeka, kama katika ukoo wetu yupo aliyetetemeka, na kama nitakubali kutoa damu ipimwe jeni. Yupo: baba yangu, fundi cherehani pale Kariakoo. Mitumba ilipoanza kumwagika wateja walipungua, na mkono wake wa kulia nao ukaanza kutetemeka ukiwa umetulia pajani. Wateja waliobaki wakaingiwa na hofu.

Siku moja mama mmoja alikuja na kitenge, akakikumbatia.

"Fundi, huo mkono si utaniharibia?"

"Unatetemeka ukikosa kazi, mama. Lete uone."

Baba akashika mkasi. Mkono ukatulia, akakata shingo ya gauni bila kuyumba. Tangu hapo hakuuweka mkasi chini mbele ya mteja, hata akisalimiana. Jirani muuza vifungo akamtania, "Fundi, unatusalimia au unatukata?" Lakini wateja hawakuondoka.

Umeniandikia kwamba jeni ikiwa na kasoro, kimeng'enya kinachopitisha ishara ndani ya seli hufanya kazi kupita kiasi, hakijui kupumzika. Niliposoma hapo nilimwona baba. Yeye aliuchunguza mkono wake kwa macho tu. Wewe unachungulia hadi ndani ya seli. Nawastaajabia nyote wawili.

Njoo uchukue damu. Utaitoa kwenye mkono wa kushoto. Wa kulia umeanza kutetemeka, nitaushikisha mkasi wa baba.

Babu yako,
Magomeni