Korongo Lisilo na Hati

Baba yangu,

Shikamoo. Ni Jumapili mchana hapa mjini, mtaani kwangu Area D, nimesonga ugali wa uwele na mlenda, nimekula peke yangu. Saa kama hizi ungenipigia simu, unieleze habari za mbuzi mmoja mmoja kabla hujaniuliza hali yangu. Tangu tukuzike, Jumapili zimekuwa ndefu.

Kazini nimepewa kuandika maelezo: kwa nini nchi huweka haki ya mazingira ndani ya katiba zao. Nimesoma wiki nzima, lakini kila nikiandika nakuona wewe kule kijijini, mimi nikiwa mdogo, umepiga magoti korongoni, unafukua mchanga kwa mikono hadi maji yatoke. Ulisubiri yatulie, ukaninywesha mimi kwanza, ndipo mbuzi.

Halafu wakaja waosha dhahabu, wakachimba mashimo yao juu ya korongo. Maji yakabadilika rangi. Mbuzi wakaanza kutupa mimba. Ukanipigia, nikiwa mwaka wa tatu nasomea sheria.

"Mama, njoo twende wote ofisini wilayani. Wewe unayajua maneno yao."

Nikakwambia nina mitihani. Mitihani ilikuwa mbali bado, baba. Niliogopa kwenda kusimama mbele ya wakubwa nikaonekana sijui kitu.

Ukavaa shati lako la kanisani, ukaenda mwenyewe. Jioni ulinisimulia. Yule uliyemkuta alikuuliza, "Mzee, korongo ni lako? Hati unayo?"

"Si langu. Nakunywa humo."

Akakwambia urudi ukiwa na hati. Hukurudi tena. Ukawa unafuata maji ng'ambo ya kilima, ndoo moja kila asubuhi, mpaka miguu ilipokataa.

Jibu lako lile, "Nakunywa humo," nimelikuta vitabuni, kwa maneno marefu zaidi. Hata sisi tunayo sheria inayotaja haki ya mazingira safi, lakini sheria ya kawaida ni rahisi kubadilishwa, na wengi hawajui kama ipo. Kenya na Afrika Kusini wameiandika kwenye katiba yenyewe, ili mtu aweze kwenda mahakamani kwa sababu tu anayanywa maji hayo. Wapo walioiandika walipotoka kwenye utawala wa mabavu, wakiwa wanaanza mambo yote upya. Wengine waliona jirani kaandika, nao wakaandika.

Mkuu wangu aliniuliza, "Sasa hayo maandishi yanasafisha maji?"

"Hayasafishi. Yanampa mtu pa kuanzia."

"Basi weka mfano."

Nikaweka wako, bila jina. Alisoma, akauliza, "Huyu mzee hakuwa na watoto?"

"Alikuwa naye mmoja," nikasema.

Jana jirani yetu, yule mama aliyekuwa akikupikia ulipolala kitandani, alinipigia. Mashimo bado yapo. Wanakijiji wameandika malalamiko, wameitwa Alhamisi ofisini kule kule, na hakuna anayejua la kusema wakifika. Hakuniomba niende. Nadhani hakutaka kunisumbua.

Nimeshaomba ruhusa kazini. Bado naogopa, baba, nikiifikiria ile ofisi. Lakini nitakwenda, na nikiulizwa nimekuja kama nani, nitalitaja jina lako lote.

Nisamehe kwa kuchelewa. Lala salama.

Binti yako